Mgeni wa Hatua Arobaini

Beryl Osgerby alizaliwa hatua arobaini kutoka kwenye nyumba alikoolewa, na kwa miaka arobaini na minane watu hawakumwacha azisahau hatua hizo.

Mtaa wa Sleight una pande mbili kama mitaa yote, lakini katikati yake, pale penye mstari mweupe wa barabarani, ndipo mji wa Grimsby unapoishia na mji wa Cleethorpes unapoanzia, huko pwani ya Uingereza. Nyumba za namba witiri ni za Grimsby, za namba shufwa ni za Cleethorpes. Matofali ni yaleyale mekundu, mapazia ni yaleyale, na paka mmoja wa rangi ya majivu anakula kifungua kinywa pande zote mbili bila kuulizwa uraia. Mtu kutoka London anaweza kupita hapo mara mia asione kitu. Lakini Beryl alizaliwa namba kumi na saba, na Walter alizaliwa namba kumi na nane, na siku Beryl alipovuka barabara na shela lake, huku gari la taka likisubiri apite, mjomba wa Walter alisema kwa sauti kwamba kijana ameoa nje. Watu walicheka sana. Beryl naye alicheka, alikuwa na miaka ishirini na mmoja na kila kitu siku ile kilimchekesha.

Mzaliwa wa Cleethorpes huitwa Meggie. Huwi Meggie kwa kuhamia, wala kwa kuoa, wala kwa kulipa kodi ya baraza la mji miaka sitini. Ni kuzaliwa tu, ndani ya mpaka, basi. Walter alikuwa Meggie, mtoto wa Meggie, mjukuu wa Meggie, na maisha yake yote ya kazi alikodisha viti vya turubai kwa wageni wanaokuja ufukweni kuota jua ambalo mara nyingi halikuwapo. Alikuwa mpole, hajawahi kumpiga hata mbwa teke, lakini ukigusa habari ya mpaka alikuwa mtu mwingine. Sensa ilipofanyika na gazeti likaandika miji yote miwili kama mji mmoja wenye watu laki moja na ushee, aliandika barua kulalamika. Hawakumjibu. Akaandika ya pili.

Kwake yeye Cleethorpes ilikuwa hewa safi na watu waungwana, na Grimsby ilikuwa harufu ya samaki. Beryl, aliyesuka nyavu za meli za uvuvi kule gatini tangu ana miaka kumi na mitano mpaka uvuvi wenyewe ulipokufa, alimjibu kwamba hiyo harufu ndiyo iliyomlisha yeye na viti vyake. Tena alimwambia hiyo bahari wanayojisifia si bahari, ni mdomo wa mto Humber tu, na maji yakipwa yanakwenda zake maili nzima na kuwaachia wageni wa Sheffield tope. Walter naye alimuuliza mbona basi timu ya mpira ya Grimsby imekuja kujenga uwanja upande wa Cleethorpes, kama kwao ni kuzuri hivyo. Mazungumzo haya waliyafanya kila Jumamosi juu ya sahani za samaki wa kukaanga na chipsi, na aliyewasikia kutoka dirishani angedhani wanagombana. Walikuwa wanapendana kwa njia yao, na mimi sijaona njia iliyo bora zaidi.

Lakini kulikuwa na kikombe.

Mama mkwe wake, Florence, alikuwa na magi za udongo za rangi ya kahawia, moja kwa kila mtu wa nyumba ile, na kikombe kimoja cheupe chenye ukingo wa dhahabu, cha wageni. Asubuhi ya kwanza baada ya fungate Beryl aliletewa chai katika kikombe cheupe. Alidhani anaheshimiwa. Wiki ya pili ikawa hivyohivyo, mwezi wa pili hivyohivyo, na mwezi wa tatu akaelewa. Florence hakuwa mkali, hakumtukana hata siku moja. Alimpa tu kikombe cha mgeni kila asubuhi kwa miaka kumi na sita mpaka alipofariki. Na alipofariki, Walter aliyerithi kazi ya kupika chai ya asubuhi aliendelea kumimina katika kikombe kilekile, kwa mazoea, mkono ukienda wenyewe bila kichwa kujua. Magi ya Florence ilibaki ikining'inia kwenye kulabu. Beryl angeweza kujichukulia wakati wowote. Hakujichukulia, kwa sababu magi ya kujichukulia na magi ya kupewa si kitu kimoja, na wala hakusema, kwa sababu angeonekana mtoto. Ilimuuma kidogo kila siku, na kidogo cha kila siku kwa miaka arobaini na minane si kidogo.

Karibu na bustani za ufukweni kuna klabu ya wazee, na ndani ya klabu ile Walter alikuwa ndiye mshika chaki. Ukutani paliwekwa ubao mweusi wenye majina ya Meggie wote wa mitaa ile ya mpakani. Mmoja akifa, Walter alivua kofia, akafuta jina, akapunguza idadi pale chini. Kuongeza jina kulikuwa kazi adimu. Tangu nyumba ya uzazi ya Cleethorpes ilipofungwa, kina mama wote walikwenda kujifungulia hospitali kuu, na hospitali kuu iko Grimsby. Jina la mwisho kuongezwa lilikuwa la Leanne, mjukuu wake mwenyewe, aliyewahi kabla mlango haujafungwa. Sasa Leanne ana miaka ishirini na mitano na ubao unaonyesha watu arobaini na mmoja.

"Nchi nzima inazaana," Walter alikuwa akisema, "sisi tu ndio tunakwisha."

Basi Leanne aliposhika mimba, Walter alipata ujana. Leanne na mumewe Darren, dereva wa malori ya samaki wa barafu, walikuwa wamepanga chumba juu ya duka kule Grimsby, ambako kodi ni nafuu. Walter hakulala siku mbili, ya tatu akaja na shauri lake: mtoto azaliwe namba kumi na nane, katika chumba cha mbele, mahali alipozaliwa yeye. Leanne alimpenda babu yake kupita kiasi. Mama yake, Susan, alihamia Kanada zamani, na kwao palikuwa ni kwa hao wazee wawili. Alikubali. Mkunga, mama mmoja mnene mwenye sauti ya utulivu aitwaye Pauline Dannatt, alimpima, akasema mimba ni nzuri na hana kipingamizi, lakini alimwambia Walter waziwazi kwamba neno la mwisho litakuwa la mtoto, si la ubao.

Walter alitoa kabati, akatoa meza, akatoa mpaka kiti chake mwenyewe. Alipaka ukuta rangi ya maziwa. Beryl alishona mapazia mapya na mashuka ya kitanda kidogo, alishona kwa upendo na kwa wivu kidogo, na wivu huo aliukiri, japo mbele ya cherehani tu. Kitukuu chake mwenyewe kingezaliwa kimeshamzidi cheo ndani ya nyumba yake. Lakini alimwona Walter akipiga mluzi ngazini, mzee wa miaka sabini na miwili mwenye moyo unaotibiwa kwa vidonge vinne kwa siku, na akajiambia acha apate. Jioni moja Walter alimwambia kwamba akishaandika jina hilo la arobaini na mbili, chaki anaweza kumkabidhi mwingine na kupumzika. Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba. Beryl hakuwahi kumsikia akiomba kitu.

Uchungu ulianza Jumamosi moja ya Aprili, asubuhi. Darren alikuwa njiani akirudi kutoka Uskoti. Pauline alifika saa nne na mkoba wake, akasema kila kitu kiko sawa, akaomba chai. Walter alikaa jikoni na kofia yake mkononi, maana desturi haimruhusu kuingia, na kila baada ya dakika tano aliuliza kama kuna jipya. Barabarani watu wa Grimsby walianza kuvuka kwenda uwanjani na skafu zao za mistari myeusi na myeupe, kwanza wawili wawili, halafu kwa makundi, halafu barabara nzima. Magari yakasongamana mpaka kwenye kona.

Saa nane na nusu Pauline aliacha kutania. Alikuwa akisikiliza moyo wa mtoto kwa kile chombo chake kidogo, akasikiliza tena, akabadilisha mahali. Alimgeuza Leanne ubavu. Alisikiliza tena. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mapigo yanashuka kila uchungu unapokuja na yanachelewa kurudi, na kwamba yeye anataka Leanne aende hospitali sasa hivi, na gari la wagonjwa ameshaliita.

"Ngoja kidogo," alisema Leanne. Jasho lilikuwa limemlowesha nywele. "Dakika kumi. Nitajitahidi."

Pauline alimwambia dakika kumi ni nyingi. Leanne alitikisa kichwa. Macho yake hayakuwa kwa mkunga, yalikuwa mlangoni, na Beryl aligeuka akaona kwa nini. Walter alikuwa amesimama pale, desturi imemtoka kichwani, ameshika kizingiti. Uso wake ulisema yote, na maskini hakujua kama unasema.

Beryl alielewa mara moja kwamba Leanne, mtu mzima mwenye akili zake timamu, yuko tayari kujihatarisha ili asimvunje moyo babu. Na alielewa kitu cha pili pia. Atakayesema twende atakuwa ndiye aliyeufuta ubao. Akisema Pauline, ni mkunga, hatalaumiwa. Akisema yeye, ni mtu wa ng'ambo, aliyengoja miaka arobaini na minane akapata nafasi yake. Watu wa klabu wangelisema hilo kwa utani, na Walter angecheka nao, na usiku angelifikiria. Alimpenda yule mzee, na alikuwa anaogopa kumpoteza katika nyumba hiyohiyo wanayokaa wote.

Akapiga magoti kando ya kitanda, magoti yenyewe yakalia, akamshika Leanne mkono kwa vidole vyake vilivyokakamaa kwa kamba za nyavu.

"Leanne, mwanangu, nitazame mimi. Usimtazame babu yako. Unaiona ile nyumba pale ng'ambo, yenye mlango wa kijani? Nilizaliwa pale. Na sikufa, wala sikuota mkia. Ng'ambo ni barabara tu, kipenzi. Twende tukamtoe mtoto."

Leanne alianza kulia, akasema, "Sawa, bibi."

Beryl aliinuka kwa kushika fremu ya kitanda. Alimwendea Walter pale mlangoni, akasimama karibu naye sana ili mwingine asisikie.

"Ukitaka kunikasirikia, una miaka yote iliyobaki. Sasa toka nje ukasimamishe magari, la sivyo hilo gari la wagonjwa halipiti hapa mpaka mechi iishe."

Walter alimtazama. Akavaa kofia, akatoka.

Waliomwona siku ile bado wanasimulia, na kila mmoja anaongeza chumvi yake, lakini hivi ndivyo Beryl alivyoona kupitia dirishani alipokuwa akimvisha Leanne gauni. Mume wake alikwenda mpaka katikati ya Mtaa wa Sleight, akasimama juu ya ule mstari mweupe, akainua mikono yote miwili. Basi la mashabiki likafunga breki mbele ya kifua chake. Honi zikalia. Jamaa mmoja mkubwa kama mlango wa ghala, skafu shingoni, akamuuliza kama amerukwa na akili, na kama anataka kufa si angojee mpaka timu ifungwe, kama wenzake.

Dirisha lilikuwa wazi, na Beryl alisikia jibu.

"Mjukuu wangu anakwenda kuzaa Grimsby," alisema Walter. "Nipisheni."

Yule jamaa mkubwa akageuka, akaweka viganja mdomoni, akawapigia wenzake ukelele wa kupisha njia. Watu walisogea. Wakayasukuma magari madogo kwa mikono mpaka juu ya njia ya waendao kwa miguu, wakashikana mabega pande zote mbili, witiri na shufwa, na gari la wagonjwa likapita katikati yao na king'ora chake huku wakipunga skafu kana kwamba mchezaji mpya amenunuliwa. Leanne, ndani, katikati ya uchungu, alicheka.

Mtoto alitolewa kwa kisu saa tisa na dakika ishirini. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingo mara mbili. Msichana, ratili saba, hasira tele, mapafu ya mwuza magazeti. Daktari aliwaambia kwamba wangechelewa nusu saa angekuwa anazungumza nao habari nyingine. Darren alifika na koti lake la kazini lenye baridi ya lori, akamshika mtoto bila hata kulivua. Walimwita Ivy.

Muuguzi kijana alikuja kuwauliza wazee kama wanakaa mbali, wakipenda awaitie teksi. Ni swali ambalo Walter maisha yake yote alilijibu kabla halijamalizika, jina la mji kwanza, kisha historia yake. Safari hii alitazama viatu vyake. Beryl ndiye aliyesema, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, kwamba wao ni wa Cleethorpes. Alisema hivyo kwa ajili yake, kumrudishia angalau hilo.

Katika teksi Walter hakusema kitu. Walipita gatini, mnara wa gati ukiwa umesimama mwekundu dhidi ya mawingu, ule mnara ambao Beryl kwa miaka yote aliutafuta kwa macho kutoka dirisha la jikoni kila alipojisikia mpweke. Hakuutazama. Alikuwa anamtazama Walter kwa pembeni, akihesabu kimya chake. Timu ilikuwa imefungwa bao moja bila, dereva aliwaambia. Beryl alifikiri, nimemwokoa mtoto na sasa yanibidi niishi na mtu huyu asiyesema, na hata hivyo ningefanya vilevile, ningefanya hata kesho.

Nyumbani Walter aliingia chumba cha mbele peke yake. Kitanda kilikuwa kama walivyokiacha, mashuka yamevurugika. Alisimama dirishani penye mapazia mapya, akitazama ng'ambo, namba kumi na saba, mlango wa kijani, muda mrefu. Beryl alikaa jikoni na koti lake bado mwilini. Alisikia hatua zikija, birika likijazwa, kabati likifunguliwa. Hakugeuka. Alikuwa amechoka, na hakutaka kuuona uso wa Walter mpaka iwe lazima.

Chai iliwekwa mbele yake. Ilikuwa katika magi ya kahawia, ya Florence, ile iliyokaa kwenye kulabu miaka zaidi ya thelathini; ilikuwa imeoshwa na bado ina maji kwa nje. Ng'ambo ya meza Walter alikaa na kikombe cheupe chenye ukingo wa dhahabu. Kidole chake hakikuingia kwenye mkono wa kikombe, kikabaki hewani.

"Umekosea vikombe," alisema Beryl.

"Sijakosea."

"Hicho ni cha mgeni, Walter."

"Najua ni cha nani." Alikunywa, akaungua, akakitua chini. "Leo pale hospitali nilitaka kumjibu yule binti nikashindwa. Wa mwisho wa ukoo wangu ni mtu wa Grimsby. Wewe ni mtu wa Grimsby. Ninyi ndio wenyeji." Alifuta sharubu kwa kiganja. "Kilikuwa hapa muda wote huo, Beryl, na mimi ndiye niliyekuwa nakijaza. Kwa nini hukuniambia?"

Beryl aliishika ile magi kwa mikono yote miwili. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na ilishika joto vizuri.

"Nilikuwa nangoja unipe," alisema.